Mahindi yameuzwa vizuri, mbona mtoto haongezeki urefu?

Kuanzia Juni hadi Agosti, barabara kuu kati ya Mbeya na Iringa hubadilika sura. Malori hujipanga Uyole, Igawa na Mafinga yakisubiri mzigo. Pembeni kuna magunia ya mahindi na viazi, vitunguu na matenga ya nyanya, na katikati yake madalali wenye simu mbili mbili wakiulizia bei ya Dar es Salaam na ya mpakani Tunduma. Huu ndio msimu wa kulipa deni la mbolea, kununua bati na kumnunulia mtoto sare ya shule. Harusi nazo zinasubiri miezi hii.

Katika miezi hiyohiyo, kwenye kliniki za wilaya hizohizo, wauguzi wanapima urefu wa watoto na kukuta nukta ya leo haijapanda inavyotakiwa juu ya nukta ya miezi mitatu iliyopita. Mtoto ana mashavu, anacheza, haumwi. Ni mfupi tu kwa umri wake. Mama anaambiwa, anaitikia, anaondoka. Nyumbani kuna ghala la mahindi, kwa hiyo neno "lishe duni" linamsikika kama habari ya watu wengine, wa kule kwenye ukame.

Takwimu zinasema vingine. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa uliokuwa juu kuliko yote nchini ni Iringa, asilimia 56.9. Nyuma yake ikaja Njombe, asilimia 50.4, na Rukwa, asilimia 49.8. Mbeya ilikuwa juu kidogo ya wastani wa kitaifa. Mikoa hii ndiyo inayoitwa ghala la chakula la taifa. Dar es Salaam, ambako watu wananunua hadi mchicha, ilikuwa chini sana ya wastani huo.

Kwa Iringa kuna jambo la ziada la kushtua. Utafiti wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta udumavu mkoani humo ukiwa takriban asilimia 47. Miaka minne baadaye namba ilikuwa imepanda kwa karibu pointi 10, wakati wastani wa taifa ulikuwa unashuka.

Bei ikipanda, bei ikishuka

Habari za uchumi zinazofika Nyanda za Juu Kusini ni nyingi, na karibu zote ni za bei. Agosti 8, 2022, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea, na mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa umevuka Sh130,000 ukashuka hadi Sh70,000. Mwaka 2024, Zambia ilipopigwa na ukame, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ulikubaliana kuiuzia nchi hiyo tani 650,000 za mahindi. Aprili 2025 Tanzania ilifunga mlango kwa mazao ya Malawi na Afrika Kusini, ikijibu vizuizi vya nchi hizo kwa bidhaa zake, ndizi zikiwamo, na kwa siku kadhaa wafanyabiashara wa Kasumulu na wakulima wa ndizi wa Rungwe wakawa hawajui kesho yao. Mazungumzo yakafanyika, marufuku ikaondolewa.

Wazee wa mkoani wanakumbuka pia mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kwenda nje. Waliokuwa na magunia 50 stoo wakayatazama yakipoteza thamani wiki hadi wiki.

Halafu kuna habari ya mfumuko wa bei, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na 4. Kwa mama wa mjini hiyo ni habari njema. Kwa mkulima wa Mufindi ni habari ya pande mbili, maana mahindi yakishuka bei taarifa ya mfumuko inapendeza kusomwa, ila yeye ndiye aliyeyalima.

Sasa fuata bei hizo hadi jikoni. Bei ikiwa mbaya, hakuna hela ya nyama wala dagaa, na mtoto anakula ugali na kabichi. Bei ikiwa nzuri, kila kinachouzika kinauzwa: mahindi, maharage, mayai, maziwa, hata parachichi zilizodondoka zenyewe. Mtoto anakula ugali na kabichi. Hapo ndipo penye kitendawili cha mikoa hii. Mjadala wa miaka yote umekuwa kama bei ni nzuri au mbaya, na sahani ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu haijibadilishi kwa vyovyote vile.

"Mbona baba yake naye ni mfupi?"

Hili ndilo jibu la kwanza ambalo wahudumu wa afya hukutana nalo, na linastahili kujibiwa kwa heshima kwa sababu lina mantiki. Kama kijijini zaidi ya nusu ya watoto ni wafupi, mtoto mfupi haonekani mfupi. Anaonekana mtoto.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vipya vya ukuaji mwaka 2006, lilitumia watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Waliochaguliwa walinyonyeshwa vizuri, walilishwa vizuri na mama zao hawakuvuta sigara. Ikaonekana kwamba hadi miaka mitano watoto hao walikua kwa namna inayofanana sana, wawe wa Accra au wa Oslo. Ukoo una nafasi yake baadaye, mtoto anapokaribia utu uzima. Katika miaka miwili ya kwanza, chakula, magonjwa na matunzo vina sauti kubwa zaidi kuliko ukoo. Na baba mfupi huenda alidumaa yeye mwenyewe utotoni.

Urefu wenyewe si tatizo kubwa. Mtu mfupi analima, anaendesha lori, anakuwa mbunge. Urefu ni kipimo cha nje cha jambo linaloendelea ndani. Mwili uliokosa protini, madini ya chuma, zinki na vitamini katika siku 1,000 tangu mimba kutungwa hadi miaka miwili unapunguza pia kazi ya kujenga ubongo na kinga. Mtoto huyo anaugua mara nyingi zaidi, na darasani anachoka mapema. Baada ya miaka miwili, sehemu kubwa ya kilichopotea hakirudi hata akilishwa nyama kila siku. Ndiyo maana mtoto wa shule ya msingi anayepewa uji shuleni anafaidika, lakini dirisha kubwa limeshapita wakati yeye hajui hata kutembea vizuri.

Iringa iliwahi kufundisha dunia

Watu wengi wa chini ya miaka 40 hawajui kwamba kuna wakati mkoa wa Iringa, ulipokuwa bado umeibeba Njombe, Makete na Ludewa, ulikuwa mfano uliotajwa duniani kwa kupunguza utapiamlo.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa pamoja wa lishe kati ya Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Serikali ya Italia, katika vijiji 168 vya mkoa huo. Mwaka ule nchi ilikuwa hoi. Vita vya Kagera vilikuwa vimeiacha hazina tupu, sabuni na sukari vilipangiwa foleni, na operesheni ya wahujumu uchumi ilikuwa imewafanya watu wafiche hata khanga. Hakuna mchumi ambaye angetabiri kuwa watoto wa Iringa wangenenepa katika miaka hiyo.

Walinenepa. Mpango ulipoanza, zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito pungufu kwa umri wao. Miaka mitano baadaye walikuwa chini ya asilimia 40, na wale wenye hali mbaya kabisa walipungua kwa kasi zaidi. Kipimo cha wakati ule kilikuwa uzito na cha leo ni urefu, kwa hiyo namba hizo haziwezi kuwekwa moja kwa moja kando ya asilimia 56.9 ya mwaka 2022. Hata hivyo mwelekeo wake uko wazi: watoto waliboreka katika uchumi mbovu.

Kilichofanyika hakikuwa kugawa chakula kwa malori. Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya mizani. Watoto walipimwa, matokeo yakapelekwa kwa viongozi wa kijiji, na kijiji chenyewe kikaulizwa: kwa nini watoto hawa wana uzito pungufu, na nani atafanya nini kabla ya mizani ijayo? Majibu yalitofautiana. Pengine ilionekana mtoto anakula mara mbili tu kwa siku kwa sababu mama yuko shambani, kikaanzishwa kituo cha kulelea watoto mchana. Pengine ilikuwa malaria au kuhara, kijiji kikahimizana kuhusu vyoo na wahudumu wa afya wa kijiji wakapewa kazi.

Fundisho lililotoka hapo liliingia katika mwongozo wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990, unaotumiwa hadi leo: mtoto anahitaji chakula, matunzo na afya, na kimoja kikikosekana vingine viwili havimwokoi. Chakula ghalani ni sehemu tu ya hesabu. Muulize mama anayepanda mpunga Mbarali mwezi Januari kama ana muda wa kumlisha mtoto mara nne kwa siku.

Debe moja la maharage

Wazazi wengi wanaposikia "mlo kamili" wanafikiri ni jambo la wenye hela. Hesabu za mtoto mdogo zinashangaza, na zinafaa kufanywa kwa kipimo cha sokoni.

Debe la maharage lina takriban kilo 17 au 18. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili akipewa maharage kila siku kutoka kwenye debe hilo, kwa mwaka mzima, kila siku anapata karibu gramu 50 yakiwa makavu, kiasi cha kujaa kiganja cha mtu mzima. Huyo mtoto hayamalizi. Debe moja linamtosha mwaka na linabaki. Gunia lina debe sita. Familia iliyovuna magunia mawili ya maharage ikitenga debe moja, imebakiwa na debe 11 za kumuuzia dalali.

Mayai nayo. Yai moja kila baada ya siku moja ni mayai 180 hivi kwa mwaka, yaani trei sita. Kuku wa kienyeji hutaga kati ya mayai 40 na 60 kwa mwaka. Kuku wanne wanamtosha mtoto mmoja, na wakiwa sita au saba yanabaki ya kuatamia na ya kuuza. Maziwa robo lita kwa siku ni lita 91 kwa mwaka. Kwa nyumba ya Rungwe yenye ng'ombe wa maziwa hicho ni kidogo sana katika kinachokwenda kwenye kituo cha kukusanyia.

Kwa asiyefuga, kuna dagaa. Usipa wa Ziwa Nyasa wanauzwa Kyela na kupanda hadi masoko ya Mbeya mjini. Wakichambuliwa, wakaoshwa, wakakaushwa vizuri na kusagwa, kijiko cha unga wake kinaingia kwenye uji au mboga ya mtoto bila kelele. Ongeza karoti, boga, mchicha, papai au parachichi lililopondwa, vitu ambavyo katika mikoa hii vinaoza chini ya miti. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vinastawi pia.

Uji wa lishe wenye nafaka saba na karanga na soya, unaouzwa kwa bei ya juu mjini, hauna uchawi wowote. Unga wa namna hiyo ukichanganywa na mikunde mibichi unaweza kumsumbua mtoto tumbo, na karanga zisizochambuliwa zinaweza kuwa na sumukuvu. Unga wa nafaka moja, uliopikwa mzito kiasi, ukaongezewa maziwa au yai au karanga safi zilizosagwa, unafanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Na kuna suala la sembe. Mahindi yakikobolewa, kiini chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini vinakwenda kwenye pumba, na pumba inakwenda kwa nguruwe. Nguruwe wa Mbeya anakula kiini, mtoto anakula wanga. Dona ni bora, kwa sharti moja: mahindi yawe yamekaushwa vizuri na yaliyooza au kubadilika rangi yametolewa. Vifo vya sumukuvu vilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016 viliwafundisha wengi kwamba mahindi yaliyovunda hayafai hata kwa mifugo.

Kabla dalali hajafika

Kama fungu la mtoto ni dogo hivyo, kwa nini halibaki nyumbani? Kwa sababu siku ya kuuza hakuna anayelitaja. Katika nyumba nyingi mahindi, viazi na sasa parachichi huhesabiwa kuwa vya baba, kuku na mboga vya mama. Zao likishaanza kuingiza hela nzuri, mara nyingi huhama upande. Mazungumzo yenyewe ni mafupi.

"Baba watoto, hili debe la maharage lisiingie kwenye hesabu ya dalali."

"Likibaki litaliwa na wadudu, mama watoto. Bora hela."

Baba huyo hana roho mbaya. Ameona maharage yakitobolewa na fukusi na mahindi yakigeuzwa unga na dumuzi, mdudu ambaye wakulima walimpa jina la Scania. Hofu yake ni ya kweli, na dawa yake ipo: mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi wanaiita mifuko ya kinga njaa. Nafaka ikikauka vizuri na mfuko ukafungwa barabara, wadudu wanakosa hewa na kufa, bila dawa ya unga. Mfuko mmoja unabeba gunia zima. Hoja ya wadudu ikishajibiwa, kinachobaki ni kukubaliana.

Wakati mwingine anayekataa si baba. Bibi wa mtoto anaweza kuamini kwamba mtoto akila mayai atachelewa kuzungumza, au mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Kubishana naye mbele ya watu hakusaidii. Wapo wakwe waliokwenda kliniki pamoja na bibi, wakamwacha muuguzi aseme. "Mama, twende wote leo, mjukuu wako anapimwa" ni maneno mepesi kuliko mhadhara, na bibi ndiye anayeshinda na mtoto kutwa nzima. Akishakubali yeye, kazi kubwa imekwisha.

Kuna pia hela inayopotea kabla haijafika nyumbani. Lumbesa, ule ujazo wa gunia unaoongezewa kilemba juu, imekatazwa. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Bado ipo, hasa kwenye viazi. Mkulima akiuza magunia 10 ya kilo 130 kwa bei ya kilo 100, ametoa kilo 300 bure. Kwa bei ya kukisia ya Sh500 kwa kilo hiyo ni Sh150,000. Kama yai moja ni Sh400, yale mayai 180 ya mwaka yanagharimu Sh72,000. Kilemba cha magunia 10 kingemlisha mtoto mayai kwa miaka miwili.

Kilichobaki ni muda, na hapa ushauri wa "mlishe mtoto mara kwa mara" unakuwa mwepesi mdomoni kuliko shambani. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku na kitu kidogo katikati, pamoja na kunyonya. Kuanzia Novemba hadi Machi mama anaondoka alfajiri kwenda kupanda na kupalilia, wengine kwenye mashamba ya chai Mufindi, na mtoto anaachwa na dada yake wa miaka minane na sufuria la uji uliopoa. Uji uliokaa tangu asubuhi unaleta kuhara, na kuhara kunaondoka na kile kidogo alichokula. Viongozi wengi wakija Iringa hukemea ulanzi, na ni kweli kwamba msimu wa ulanzi unaangukia miezi hiyohiyo ya mvua na kuna watoto wanaopoteza mlo wa jioni kwa sababu yake. Lakini kuna mama wengi wasioonja ulanzi ambao watoto wao wamedumaa, kwa sababu walikuwa wanalima hadi saa 11 jioni. Mume anayebaki nyumbani nusu siku kwa zamu, au majirani watatu wanaopokezana kulea, wanafanya zaidi kuliko hotuba.

Sh1,000 kwa mwaka

Serikali nayo ina fungu lake. Katika mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa wamekuwa wakisaini, kila halmashauri inatakiwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa mwaka, kutoka mapato yake ya ndani. Hiyo ni bei ya mayai mawili na chenji. Fedha hiyo haikusudiwi kumlisha mtoto. Ni ya kuendesha kazi: mafuta ya pikipiki ya ofisa lishe, mizani, vibao vya kupimia urefu, mafunzo ya wahudumu wa ngazi ya jamii, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inayopaswa kufanyika kila miezi mitatu. Ukiangalia vizuri, siku hiyo ni mtoto wa ile siku ya mizani ya mwaka 1983.

Ni kidogo? Linganisha na lori. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula unaotozwa na halmashauri ulipunguzwa kuwa asilimia 2. Lori moja la tani 30 za mahindi, kwa bei ya kukisia ya Sh600 kwa kilo, lina mzigo wa Sh18 milioni. Asilimia 2 yake ni Sh360,000. Ushuru wa lori moja unatosha kutimiza Sh1,000 za watoto 360, pengine watoto wote wa chini ya miaka mitano wa kijiji kizima. Kati ya Juni na Septemba malori yanayopita kwenye kizuizi cha ushuru ni mengi mno kuhesabika, kwa hiyo halmashauri ya wilaya inayovuna ikisema haijapata fedha ya lishe, maelezo yake yasikilizwe kwa makini.

Kuna tofauti moja kati ya mizani ya zamani na ya sasa ambayo haihitaji fedha. Zamani matokeo yalirudi kwenye mkutano wa kijiji. Leo katika vijiji vingi yanaandikwa kwenye kadi ya mtoto na kwenye ripoti inayopanda wilayani, kisha mkoani, kisha Dodoma, na mwenyekiti wa kitongoji anayejua kila mwenye deni la mbolea hajui ni watoto wangapi wa kitongoji chake wamedumaa. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unakaa kila miezi mitatu. Ajenda ya mapato na matumizi ipo siku zote. Mzazi yeyote anaweza kuomba iongezwe nyingine: waliopimwa safari hii ni wangapi, wangapi hawakui, na tangu mizani iliyopita kimefanyika nini.

Mvua za kupandia huanza Novemba. Kwa ratiba hiyo ya kila miezi mitatu, kati ya mavuno na mvua kuna mkutano mmoja wa kijiji na siku moja ya mizani, na maharage bado yako ndani.